Malume, Taa za Gari Lako Zinawaka

Binti yangu alifungua friji, akaifunga bila kutoa kitu, akaifungua tena, ndipo akasema kwa Kiswahili: "Baba, Jumamosi usikuje."

Kilichonishtua kwanza ni hicho Kiswahili. Alizaliwa hapa Johannesburg miaka ishirini iliyopita, na ingawa anaelewa kila neno tunalosema mimi na mama yake, hutujibu kwa Kiingereza, na akikasirika kwa Kizulu. Kiswahili chake amekiweka kabatini kama vikombe vya wageni. Hukitoa mtu akifa, au akitaka kuazima gari.

"Nisije wapi?"

"Kwa fainali."

Nikacheka. Nilikuwa nimesimama pale jikoni kwetu Randburg napaka mkate siagi, na nilicheka kama mtu aliyeombwa asihudhurie harusi yake mwenyewe. Fainali hiyo nilikuwa nimeingoja miaka ishirini na sita. Timu ni ile ya wanawake ya mpira wa magongo, ya chuo nilichokuja kusomea shahada yangu ya pili nikiwa kijana kutoka Kenya, na tangu nianze kuishangilia haikuwahi kushinda kombe la vyuo. Haikuwahi hata kulikaribia. Sasa ilikuwa imefika, na golini alisimama mwanangu wa kumzaa. Ukimtoa refa, sikuona ni nani mwingine katika mji huu aliyetakiwa kuwa uwanjani Jumamosi hiyo kuliko mimi.

"Kwa nini?" nikauliza, kisu bado kiko hewani.

"Ni kona, Baba." Alikuwa anaiambia sakafu. "Wewe na kona."

Lazima nieleze kona kwa wasioujua mchezo huu. Si kona ya kandanda. Mabeki wakifanya kosa karibu na goli lao, refa hutoa kona ya penalti. Kila kitu kinasimama. Mabeki wanne na kipa wanajipanga nyuma ya mstari wa goli, wanavaa vinyago usoni kwa sababu wanajua kinachokuja. Washambuliaji wanapanga mstari mbele yao. Mmoja anausukuma mpira kutoka pembeni, mwingine anautuliza, wa tatu anaupiga, na mpira ule ni mgumu kama jiwe la kusagia. Yote huisha kwa sekunde chache. Watu wanaojua magongo watakwambia kwamba hapo ndipo mechi hupatikana au hupotea, na mengine yote ni kukimbiakimbia.

Mimi ni mtu anayejua magongo. Hivyo ndivyo nilivyojiona mpaka Alhamisi ile.

Nilianza kuipenda timu hii Jumamosi yangu ya kwanza hapa. Nilikuwa na chumba mtaa wa Observatory, blanketi moja lisilotosha, na sikumjua mtu yeyote. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba Afrika nayo ina baridi ya namna hii. Nilikwenda chuoni kutafuta maktaba, nikaikuta imefungwa, na nikiwa narudi nikasikia sauti ya gongo likigonga mpira. Ko! Sauti hiyo niliijua. Shuleni kwetu tulicheza kwenye uwanja wa vumbi na kokoto, nami nilikuwa mchezaji wa akiba wa timu ya akiba. Niliifuata sauti mpaka nikafika kwenye uwanja mzuri wa nyasi bandia uliomwagiwa maji, wasichana wamevaa jezi za rangi ya damu ya mzee, nikaketi kwenye ubao wa chini kabisa wa jukwaa. Walifungwa mabao manne. Wiki iliyofuata nikarudi.

Nilirudi kila Jumamosi ya msimu, mwaka baada ya mwaka. Nilioa, nikapata kazi ya kuhariri vitabu vya shule, nikaandika makala ambazo ziliwafurahisha watu wachache wenye subira, mvi zikaingia. Wachezaji walikuja, wakahitimu, wakaondoka. Mimi nilibaki kwenye ubao uleule. Wakaanza kuniita Malume, ambalo kwa lugha za hapa ni mjomba, ndugu wa mama, na mtu yeyote aliyelelewa kwetu anajua kwamba mjomba si cheo cha kugawa ovyo.

Halafu wakaanza kunituma.

Nakumbuka mara ya kwanza. Ulikuwa msimu wangu wa pili, mechi mbaya sana. Tulifungwa mara tatu, zote kwa kona, nami nilikuwa nimepiga kelele za kutia moyo kila mara mpaka sauti imekauka. Kona ya nne ilipotolewa, nahodha alinikimbilia, jasho linamtiririka, akaniuliza kwa heshima kama ningeweza kwenda jikoni kwenye jengo la klabu kuleta machungwa ya mapumziko. Nilikwenda nusu nikikimbia. Niliporudi na sinia, sote tulikuwa na furaha: wao mpira uligonga mwamba, mimi nimepewa kazi.

Kwetu mtu anatumwa na anayempenda. Mama yangu aliwatuma dukani watoto wa jirani aliowapenda tu. Wale asiowapenda aliwaambia wakae wapumzike. Nyumba ikikutuma chumvi, hiyo ni nyumba yako. Kwa hiyo wasichana wale waliponituma machungwa, barafu, chupa za maji, waliponiambia mlinzi wa lango ananitafuta, mimi nilisikia kitu kimoja tu: umekuwa wa hapa. Na zaidi ya vyote, tena na tena, msimu hadi msimu, mchezaji wa akiba alinijia mbio akasema: "Malume, taa za gari lako zinawaka!"

Nilikwenda kwenye egesho kuzitazama. Zilikuwa zimezimwa. Nikadhani zinajizima zenyewe. Nilibadilisha betri. Nikampelekea gari fundi umeme, akalitazama siku nzima, akaniambia halina kitu, nikamwona fundi bandia. Hatimaye niliuza gari lile, gari zuri, lisilo na kosa lolote duniani, nikanunua jingine. Msimu ulipoanza, jingine likaanza tatizo lilelile.

Haya yote yalikuwa yananirudia kichwani, moja baada ya jingine, huku binti yangu akieleza jikoni.

Ilikuwa desturi, alisema. Nahodha anayeondoka humkabidhi anayeingia vitu vitatu: ufunguo wa kabati la magongo, daftari la namba za simu, na habari ya Malume. Malume akiwa kwenye ubao wake wakati wa kona ya wapinzani, tunafungwa. Akiwapo wakati wa kona yetu, tunakosa. Basi filimbi ya kona ikilia, mchezaji mmoja wa akiba lazima amwondoe. Afukuzwe kwa upole, kwa sababu ni mzee mzuri na machungwa anayakata vizuri.

"Tangu lini?"

"Tangu zamani, Baba. Kabla mimi sijazaliwa."

"Na wewe uliambiwa lini?"

"Siku ya kukaribisha wachezaji wapya. Nahodha alisimama akasema kuna mzee mmoja, ana koti la rangi ya timu…"

"Ukafanya nini?"

Akaivuta mikono ya sweta mpaka ikafunika vidole. "Nilicheka."

"Ulicheka."

"Ilikuwa siku yangu ya kwanza! Kila mtu alicheka."

"Hukuwaambia mimi ni baba yako?"

"Walijua baada ya mechi ya tatu. Ulikuwa unaniita lile jina la nyumbani, mbele ya watu wote." Kwa mara ya kwanza akaniangalia. "Waliniomba msamaha, Baba, sana. Halafu nahodha akauliza kama naweza kusaidia. Kwa sababu kutoka golini naona jukwaa lote, na nakujua. Najua ukiwa umekaa na ukiwa umetoka."

Hapo nilitafuta kiti.

Binti yangu akiwa golini, kona inapotolewa, huinua mkono wake wa kushoto, ule wenye glavu kubwa kama mto wa kulalia, akautikisa kuelekea upande wetu. Miaka miwili nimeuona mkono huo. Miaka miwili nimesimama, nikaupungia wangu. Niliwasimulia watu wa ushirika wetu wa Wakenya, baada ya ibada, chai mkononi: "Hata katikati ya hatari, mtoto yule hunisalimu kwanza." Mama mmoja alifuta machozi. Kumbe mkono ule ulikuwa unaliambia benchi: bado yupo, mtoeni.

"Mama anajua?" nikauliza.

Kutoka sebuleni, mke wangu akakohoa kikohozi cha mtu asiye na mafua.

"Nilitaka kukwambia," akasema kutoka kulekule. "Lakini ulikuwa na furaha hivi kila Jumamosi!"

Sababu ya kuambiwa sasa ilikuwa rahisi. Fainali ingechezwa kwenye uwanja mkubwa usio wetu, jukwaa liko mbali na benchi, kuna uzio na walinzi, na hakuna mchezaji wa akiba ambaye angeweza kuruka uzio kuniambia habari za taa. Timu ilikaa kikao. Wakaona afadhali nisiwepo kabisa, na wakamtuma kipa wao aje aniambie.

Mimi nimesoma. Nina shahada mbili na maoni mengi kuhusu ushirikina. Nikaenda chumbani, nikavuta kutoka chini ya kitanda sanduku la madaftari yangu, kwa maana kila mechi niliyowahi kutazama nimeiandikia maelezo, na nikaketi sakafuni kutafuta ushahidi. Ningewaonyesha kona tulizofungwa nikiwa sipo, na tulizookoa nikiwepo. Jambo lingekwisha.

Nilifungua daftari la kwanza. "Kona. Nilikuwa jikoni." La pili. "Kona, bao, naambiwa lilikuwa zuri sana. Nilikuwa kwenye gari." La tatu, la saba, la kumi. Nilikuwa naleta barafu. Nilikuwa langoni, mlinzi anasema hakuniita. Taa. Taa. Taa tena. Nilisoma mpaka miguu ikafa ganzi. Katika misimu ishirini na zaidi ya mapenzi yasiyo na masharti, mimi, mtu anayejua magongo, sikuwa nimeona kona hata moja tangu ile siku ya machungwa ya kwanza. Ushahidi haukuwepo wa upande wangu wala wa upande wao. Walikuwa wameniondoa kwa ukamilifu kiasi kwamba hata kosa lao lisingeweza kukanushwa.

Kesho yake nikaenda mtaa wa Malvern kuchukua koti. Fundi wangu wa nguo ni Mkongomani kutoka upande wa Bukavu, ana duka dogo karibu na Jules Street, na koti langu la damu ya mzee amelitia kiraka na bitana mpya mara nyingi mpaka sasa ni lake kuliko langu. Nilikuwa nimemwambia alitengeneze kwa ajili ya fainali. Nilimsimulia yote huku akishona. Alisimamisha cherehani katikati ya mshono.

"Papa," akasema, "na weye ulifikiria nini?"

"Nilifikiri wananipenda."

"Banakupenda, sikatai. Lakini batoto ba kike banatuma mutu mukubwa, kila Samedi, akaangalie taa, mchana, jua linawaka kabisa, na hauulizi?" Akaanza kucheka, mabega kwanza. "Ulibadilisha na gari! Ulikuja hapa na ile nyeupe, nikasema papa amepata pesa. Kumbe ni taa!"

"Cheka tu."

"Sicheki. Nasikitika." Alikuwa anacheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Lakini miye nimuKristo, papa. Siamini mambo ya bahati mbaya. Mutu hawezi kuketi pahali na mupira ukaingia golini kwa sababu yake. Hapana. Ni Mungu anapanga." Akakanyaga cherehani kuendelea.

Sindano ikakatika. Tak!

Tukaitazama. Ncha yake ilibaki imesimama kwenye kola ya koti langu.

"Ni sindano ya zamani," nikasema.

"Niliiweka leo asubuhi," akasema polepole. Hakucheka tena. "Papa, kaa pale nje kidogo. Pale kwa mlango. Nikimaliza nitakuita."

Nilisubiri barabarani, kati ya muuza soksi na muuza simu, mtu mwenye shahada mbili.

Jumamosi binti yangu alihitaji kupelekwa uwanjani, kwa sababu mfuko wa kipa ni mkubwa kama jokofu. Tulifanya mapatano: ningeendesha, ningeegesha, ningekaa kwenye gari. "Sitaingia uwanjani," nilimwambia, na nilisema hivyo kwa maneno hayohayo. Kwenye robot, kama zinavyoitwa hapa taa za barabarani, tulisimama moja baada ya nyingine. Nyekundu zote za Johannesburg zilikuwa zimetungoja sisi.

"Umekasirika?" akauliza.

"Hapana."

"Baba."

"Nimeshangaa. Nikimaliza kushangaa nitaona kama nimekasirika."

Alipokuwa anateremka alisimama na mfuko begani, akataka kusema kitu, akawaona wenzake wanamngoja, akaenda.

Egesho lilitenganishwa na uwanja kwa ukuta wa matofali uliokuwa juu kidogo ya kichwa changu. Nilifungua buti. Nilikuwa nimekuja na kreti ya machungwa, kwa sababu mtu hawezi kuacha kila kitu siku moja, nikaanza kuyakata kwenye ubao wa jikoni, nimevaa koti langu peke yangu kati ya magari mia. Nilisikia mechi. Ko, ko. Filimbi. Kocha wetu anamkemea refa. Halafu kelele kubwa upande wa kushoto, na nikazijua sauti, zilikuwa zetu, na kipaza sauti kikatangaza: moja bila. Nikala chungwa zima bila kujua.

Kipindi cha pili kilienda kama mtu anayetambaa. Nilitazama saa, nikatazama mawingu yasiyokuwepo, nikapanga machungwa kwa mistari, nikayapangua. Nusu saa ya mwisho ya maisha yangu ya ushabiki naipitisha na ubao wa kukatia mboga, nilijiambia. Mwanangu yuko hatua sitini kutoka hapa na nampigia hesabu kwa masikio.

Dakika zilipokaribia kwisha, filimbi ikalia mara moja. Kisha kimya.

Kimya kile nilikijua. Nimekisikia maelfu ya mara nikiwa nimekipa mgongo, sinia mkononi, nikielekea jikoni. Kona. Na kwa kuwa sauti zilizoshangilia hazikuwa zetu, ilikuwa kona yao. Halafu honi ya mwisho ikalia na hakuna aliyesherehekea, kwa maana kona ikishatolewa lazima ichezwe hata muda ukiwa umekwisha. Mchezo mzima, msimu mzima, miaka yangu yote, vilikuwa vimebanwa kwenye mpigo huo mmoja, na aliyekuwa amesimama mbele yake ni mtoto niliyemfundisha kufunga viatu.

Nilisema sitaingia uwanjani. Ukuta si uwanja. Hivi ndivyo elimu ya juu inavyomfaidisha mtu: nilimwaga machungwa yote kwenye buti, nikaigeuza kreti, nikapanda.

Sikujua kwamba ni kitu kizuri hivyo. Naona aibu kukiri. Wachezaji watano wamejikunja nyuma ya mstari, vinyago vyeupe usoni kama wadudu, na mmoja wao, mnene kwa magodoro ya kipa, ni wangu. Alikuwa anayumba kidogo kushoto na kulia, jinsi alivyokuwa akiyumba akiwa mdogo akisubiri zamu ya kuoga. Aliinua kichwa akalipitia jukwaa, ubao kwa ubao, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha kichwa kikageuka zaidi, kikapita jukwaa, kikafika kwenye ukuta wa egesho. Kikasimama.

Nilikuwa na koti la damu ya mzee na kofia yake. Sikuwa na mahali pa kujificha.

Glavu ya kushoto ilibaki chini.

Mpira ukasukumwa. Ukatulizwa. Sikuuona ukipigwa; niliona mguu wa binti yangu umetoka kama mlango unaofunguliwa kwa teke, nikasikia ko, mpira ukarudi, mwingine akaupiga tena, juu, na glavu ileile, ile niliyoipungia miaka miwili, ikaupiga mpira kando ukatoka nje ya uwanja. Refa akapuliza. Wote wakamwangukia.

Nami nikaanguka. Kreti ilivunjika upande mmoja, nikashuka na ukuta mpaka chini, kiwiko kikachubuka, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kuitupa kreti chini ya gari la jirani, kama mwizi.

Walifika egeshoni kabla hawajapewa kombe. Wasichana kumi na tano wanakimbia na viatu vya meno kwenye lami, nahodha mbele, analia. Alinikumbatia nikiwa nimeketi kwenye ukingo wa buti, kisu mkononi, uso wa mtu aliyekuwa akikata machungwa saa nzima.

"Malume! Tumeshinda!"

"Kweli?" nikasema. "Ngapi?"

"Moja bila! Walipata kona ya mwisho kabisa, Malume, kabisa, na hukuwepo!" Alishika mikono yangu miwili. "Asante. Asante kwa kutokuja. Najua ilikuwa ngumu."

"Eish, Malume," mwingine akasema, "kombe hili ni lako kama lilivyo letu."

Wakaninyanyua juujuu. Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kubebwa mabegani kwa kutokuwepo. Nilizungushwa egesho lote, huku nimepigwa na bumbuazi, huku nikijua kwamba nikifungua mdomo kusema ukweli nitawaharibia siku, na nikinyamaza nimejihukumu mwenyewe kifungo cha maisha. Nilinyamaza. Binti yangu alisimama kando na glavu zake, kinyago juu ya kichwa.

Tulikuwa kwenye gari, kwenye robot ya pili.

"Nilikuona," akasema, kwa Kiswahili.

"Uliniona lini?"

"Kichwa chako. Na ile kofia. Kama nyanya juu ya ukuta."

"Na hukuinua mkono?"

"Nani angekuja kukuambia taa?" Akacheka, halafu uso ukabadilika. "Nilitaka uone moja, Baba. Hata kama tungefungwa."

Taa ilikuwa imegeuka kijani. Waliokuwa nyuma walipiga honi, nami sikuweza kwenda kwa muda kidogo, kwa sababu ya kiwiko.

"Usiwaambie," akaongeza.

"Nani, mimi?"

Msimu mpya ulipoanza nilikuta wameniandalia kiti. Cha plastiki, cheupe, kimeandikwa MALUME mgongoni kwa rangi ya damu ya mzee, kimewekwa nyuma ya jengo la klabu, kimeelekezwa kwenye egesho. Ni heshima kubwa, alinieleza nahodha mpya. Hakuna mtu mwingine mwenye kiti. Nilikikalia. Karibu yangu, kwenye kona ya jengo, penye ukuta ambapo mtu akisimama juu ya kitu anaona uwanja wote, palikuwa na kreti mpya ya mbao, imara, imepigwa misumari ya ziada pembeni. Nahodha hakujua ni ya nani; binti yangu alikuwa anafunga glavu zake kwa makini mno.

Katika mechi hiyo ya kwanza, kona ya kwanza ilipotolewa, mchezaji mmoja wa mwaka wa kwanza, ambaye bila shaka alikuwa amekabidhiwa desturi haraka haraka, alikuja mbio kuzunguka jengo, akanikuta nimesimama juu ya kreti, mikono juu ya ukuta. Tulitazamana.

"Malume," akasema akihema, "taa za gari lako zinawaka."

Gari lilikuwa nyuma yangu, hatua kumi. Sikugeuka hata kulitazama. "Mwanangu," nilimwambia, "jambo hilo ninalijua kuliko wewe," nikarudi kwenye kona yangu, ambayo tulifungwa.

Jioni gari halikuwaka. Betri ilikuwa imekufa kabisa. Taa zilikuwa zimewaka tangu nifike asubuhi. Timu nzima ilibidi itoke ije kulisukuma, binti yangu katikati na magodoro yake miguuni, wanacheka mpaka nguvu zinawaishia, wananiita majina ambayo sitayaandika. Nilijaribu kushika upande mmoja nisukume pamoja nao. Nahodha akanitoa mkono.

"Hapana, Malume. Wewe nenda ukashike usukani."

Nikaenda. Nimezoea kutumwa.